Huduma kwa Wanafunzi wa Chuo cha Ubunifu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maelezo haya yameandaliwa na Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi ya chuo chetu kidogo cha ubunifu kilichopo Kijitonyama, Dar es Salaam, kwa ajili ya wanafunzi wa astashahada na stashahada katika fani za grafiki, mavazi, usanifu wa ndani na samani. Chuo hakina zahanati, hakina hosteli, na maktaba yake ni chumba kimoja. Hatuoni sababu ya kuyaficha hayo. Kilichopo ni ofisi inayomfahamu kila mwanafunzi kwa jina, na ambayo kazi yake kubwa ni kujua kila kisichopatikana chuoni kinapatikana wapi jijini, na mwanafunzi aende na barua gani ili asizungushwe.

Nina tatizo, lakini sijui linahusu ofisi ipi. Nianzie wapi?

Anzia kwa Mshauri wa Wanafunzi. Si lazima ujue kwanza kama jambo lako ni la taaluma, la fedha au la nyumbani, kwa kuwa mara nyingi huwa ni yote matatu kwa pamoja: mwanafunzi anayekosekana studio kila mwisho wa mwezi huenda si mvivu hata kidogo, bali ameishiwa nauli. Msajili hushughulikia kumbukumbu, matokeo na vyeti. Mhasibu hushughulikia ada. Mkuu wa idara hushughulikia masomo. Mshauri atakuelekeza, na pale inapobidi atafuatana nawe.

Wanafunzi wengi hupenda kupitia kwanza kwa viongozi wa serikali ya wanafunzi. Hakuna ubaya, na viongozi hao mara nyingi hulijua tatizo kabla yetu, ila wao hawana mamlaka ya kusogeza tarehe ya mtihani wala ya kupanga upya malipo. Wakikuahidi hivyo, njoo utuulize.

Je, nitakayoyaeleza yatabaki kuwa siri?

Ndiyo. Taarifa zako hazipelekwi kwa walimu, kwa wanafunzi wenzako wala kwa ndugu zako bila ridhaa yako, na kumbukumbu za ofisi hutunzwa kwa kufuata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ziko hali mbili tu zinazotulazimu kumshirikisha mtu mwingine: maisha ya mtu yanapokuwa hatarini, na mwanafunzi aliye chini ya miaka 18 anapokuwa amedhuriwa. Hata hapo utaelezwa kwanza nani anaambiwa, na anaambiwa nini. Mzazi anayelipa ada huwa anatamani kuona matokeo, na tunamwelewa, lakini jibu letu kwake ni kwamba amuulize mwanawe.

Siwezi kulipa ada yote kwa mkupuo. Nifanyeje?

Andika barua fupi kwa mhasibu kabla tarehe ya mwisho ya malipo haijapita, ukitaja kiasi ulichonacho, tarehe unazotarajia kupata kilichobaki na mtu atakayelipa. Barua inayofika mapema hujibiwa kwa mpango wa awamu; inayoletwa siku ya kuzuiwa mlangoni mwa chumba cha mtihani huwa ni ombi la huruma, na huruma haina utaratibu. Lipa kwa akaunti ya chuo pekee na utunze risiti. Hakuna mtumishi wa chuo anayeruhusiwa kupokea ada kwenye simu yake binafsi, hata akisema anakusaidia kukwepa foleni ya benki.

Je, ninaweza kupata mkopo wa serikali?

Inategemea programu unayosoma. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, kwa miaka mingi ilihudumia hasa wanafunzi wa shahada. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024 ilianza kuwakopesha pia baadhi ya wanafunzi wa stashahada, lakini kwa fani zilizotajwa katika mwongozo wa mwaka husika. Mwongozo hubadilika, kwa hiyo usitegemee maneno ya aliyeomba mwaka juzi. Njoo tuusome pamoja, tena kabla hujalipia fomu.

Kinachowaangusha waombaji wengi ni nyaraka. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, au na mamlaka husika ya Zanzibar kwa waliozaliwa huko. Vivyo hivyo cheti cha kifo cha mzazi kwa aliyefiwa. Fomu husainiwa na kiongozi wa serikali ya mtaa na kuthibitishwa na kamishna wa viapo. Uhakiki huo huchukua muda, na anayesubiri dirisha la maombi lifunguliwe ndipo atafute cheti kwa kawaida hukuta limeshafungwa. Kwa wanaotoka katika kaya zinazonufaika na TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, uthibitisho wa kaya uandaliwe mapema pia.

Vifaa vya studio ni ghali kuliko nilivyotarajia. Chuo kinasaidiaje?

Hakuna swali tunaloulizwa zaidi ya hili, na lina haki ya kuulizwa, kwa maana katika ubunifu ada ni mwanzo tu wa gharama.

Msaada wa kwanza ni stoo iliyo kando ya karakana. Rula za chuma, mikasi ya kitambaa, visu vya karatasi na mbao za kukatia huazimwa kwa kuacha kitambulisho cha chuo, na hurudishwa siku hiyo hiyo kabla ya saa kumi na mbili jioni. Cherehani na ovaloki hazitoki karakana. Msaada wa pili ni makasha ya mabaki yaliyo nyuma ya stoo, ambamo hutupwa vipande vya kadibodi nene, plaiwudi, ngozi na vitambaa vilivyobaki katika kazi za muhula uliopita, na ambavyo yeyote anaweza kuchukua bila kuomba. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza huyapita makasha hayo kana kwamba ni jalala, kisha wanakwenda kununua kadibodi nzima kwa ajili ya mfano wa chumba. Hebu piga hesabu: chumba cha mita 4 kwa 5, kikichorwa kwa skeli ya 1:50, sakafu yake ni sentimita 8 kwa 10. Kipande hicho kimo katika makasha hayo, na kuta zake zimo humo humo.

Kwa wanafunzi wa mavazi, nguo ya majaribio ishonwe kwa merikani, si kwa kitambaa cha mwisho. Merikani ni rahisi, haitelezi chini ya mkasi, na alama za penseli huonekana juu yake vizuri. Kosa la bega likigunduliwa hapo, hasara yake ni ndogo. Wanaochanga na kununua jora zima Kariakoo hupata bei ya jumla, na ofisi huwaunganisha wanaohitaji kitambaa cha aina moja mwanzoni mwa kila muhula.

Jambo moja tunalisisitiza kwa wanafunzi na kwa walimu vilevile: alama hutolewa kwa wazo na kwa ufundi wa mkono. Ukiambiwa kwamba lazima ununue chapa fulani ya rangi au karatasi iliyoagizwa kutoka nje ili kazi yako ipokelewe, tuletee taarifa.

Sina kompyuta mpakato. Nitaweza kusoma?

Utaweza, ingawa itakubidi upange muda wako kwa nidhamu. Chumba cha kompyuta hufunguliwa asubuhi hadi usiku siku za masomo na hadi mchana siku ya Jumamosi, na katika wiki mbili za mwisho wa muhula nafasi hutolewa kwanza kwa wasio na mashine zao. Usikope fedha kununua kompyuta kabla hujazungumza na mwalimu wa fani yako: mwanafunzi wa mavazi wa mwaka wa kwanza anahitaji mashine ya kawaida, na si ile yenye kadi kubwa ya picha ambayo muuzaji atamsifia.

Kuhusu programu, huhitaji nakala za wizi, ambazo mara nyingi huja na virusi. Inkscape hufanya kazi ya michoro ya vekta, GIMP na Krita hufanya kazi ya picha na uchoraji, Scribus hupanga kurasa, na Blender hujenga maumbo ya pande tatu; zote ni za bure. Kampuni za programu za usanifu, Autodesk na Figma, huwapa wanafunzi wanaothibitishwa na chuo matumizi ya bure, na Msajili huandaa uthibitisho huo. Walimu wetu hupokea kazi iliyofanywa kwa programu yoyote, ilimradi faili linafunguka.

Umeme ukikatika au bando likiisha siku ya kukusanya kazi?

Jenereta huwasha taa, chumba cha kompyuta na intaneti, lakini haiendeshi mashine ya leza wala pasi za karakana. Umeme ukikatika kwa muda mrefu katika siku ya mwisho, idara husogeza saa ya kukusanya kwa darasa zima, na hakuna anayehitaji kuomba. Faili lililopotea ni jambo jingine. Tunza nakala tatu, moja ikiwa nje ya nyumba yako au kwenye hifadhi ya mtandaoni, maana flashi moja iliyosahaulika kwenye kompyuta ya steshenari haihesabiwi kuwa udhuru.

Kazi yangu inapendeza kwenye kioo, lakini ikichapishwa rangi hubadilika. Kuna msaada?

Printa ya chuo huchapa hadi ukubwa wa A3, yaani milimita 297 kwa 420. Mabango ya A2 na A1 huchapishwa mjini, na huko ndiko machozi mengi hutokea.

Kioo cha kompyuta huchanganya mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu; printa huchanganya wino wa samawati, majenta, njano na mweusi, na kuna rangi ambazo mwanga huzitoa lakini wino hauzifikii. Buluu kali na kijani kinachong'aa ndizo za kwanza kufifia. Kabla ya kupeleka faili, libadilishe kwenda mfumo wa rangi za wino, yaani CMYK, na uamue mwenyewe jinsi ya kurekebisha rangi iliyofifia badala ya kumwachia mchapaji. Acha milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kisu. Hakikisha picha zina nukta 300 kwa inchi katika ukubwa utakaochapishwa, si katika ukubwa ulioziona kwenye simu. Geuza maandishi kuwa michoro, la sivyo kompyuta ya mchapaji isiyo na fonti yako itaweka fonti yake, na kichwa cha habari ulichokipima kwa siku kadhaa kitavunjika mistari miwili. Hifadhi kwa PDF, kisha umwombe mchapaji akutolee kipande kidogo cha majaribio kwenye karatasi ile ile itakayotumika.

Fundi wa chumba cha kompyuta hukagua mafaili ya wanafunzi bure katika wiki ya mawasilisho. Msimfuate usiku wa mwisho mkiwa kundi zima.

Ni nani anaruhusiwa kutumia karakana?

Aliyehudhuria mafunzo ya usalama na kusaini kitabu. Viatu vya kufunika vidole, nywele zilizofungwa, na mitandio au mikono mipana iliyobanwa vizuri ni sharti kwa wote. Plastiki ya PVC na ngozi bandia iliyotengenezwa kwayo haziingii kabisa kwenye mashine ya leza, kwa kuwa zikichomwa hutoa gesi yenye sumu inayodhuru mapafu na kuitia kutu mashine yenyewe. Kama hujui nyenzo yako ni nini, muulize fundi kwanza. Gundi ya kupulizia hutumika nje, si studio.

Chuo hakina hosteli. Nitapataje chumba?

Ofisi inayo orodha ya wenye nyumba wa Kijitonyama, Makumbusho, Mwananyamala na Sinza ambao wamewahi kupokea wanafunzi wetu, pamoja na maoni ya waliopanga kwao. Anza na orodha hiyo kabla ya kumwendea dalali, kwa sababu dalali kwa desturi hutaka malipo sawa na kodi ya mwezi mmoja, na wengine hudai pia fedha ya kukuonyesha chumba, uchukue usichukue.

Wenye nyumba wengi jijini hutaka kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo. Wachache hukubali miezi mitatu kwa mwanafunzi mwenye barua ya chuo, nasi barua hiyo huiandika siku hiyo hiyo unapoiomba. Usilipe kabla ya kukiona chumba chenyewe, tena ukione usiku pia, kwani baa iliyofungwa mchana haisikiki. Dai mkataba wa maandishi na risiti, na utuletee mkataba huo tuusome nawe kabla hujausaini. Ukishahamia, jitambulishe kwa mjumbe na katika ofisi ya serikali ya mtaa. Barua ya utambulisho utakayoihitaji baadaye, iwe ya benki au ya mkopo, hutoka hapo, na huwa rahisi kwa mtu anayefahamika.

Ulizia mita ya LUKU. Nyumba nyingi zina mita moja kwa wapangaji kadhaa, na ugomvi wa umeme huwahamisha wanafunzi wetu mara nyingi kuliko kodi. Mwanafunzi wa mavazi ndiye hushukiwa wa kwanza kwa kuwa mlio wa cherehani yake husikika hadi uani, wakati cherehani ya umeme ya nyumbani hutumia takribani wati 100 na pasi hupita wati 1,000. Kubalianeni mapema nani anachangia kiasi gani, muandike, na uipige pasi kazi yako karakana.

Chumba cha Kimara au Mbezi huwa na kodi nafuu, lakini fikiria saa unazotoka studio. Kwa maoni yetu, kushirikiana chumba na mwenzako karibu na chuo ni bora kuliko kuwa peke yako mbali, hasa kwa binti anayerudi usiku.

Mvua za masika zikifunga barabara, nitahesabiwa nimekosa?

Hapana, ikiwa utatoa taarifa kwa mwakilishi wa darasa asubuhi hiyo. Kati ya Machi na Mei bonde la Jangwani hufurika, na linapofungwa, mabasi ya mwendokasi na daladala za Barabara ya Morogoro hukwama pamoja. Siku kama hizo mawasilisho huahirishwa kwa wote wanaotoka upande huo. Michoro ibebwe kwenye bomba la plastiki lenye kifuniko. Stoo huazimisha mabomba hayo, nayo huisha mapema kila Aprili.

Nikiugua nipate matibabu wapi?

Chuo huwaandikisha wanafunzi katika Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya mwanzoni mwa mwaka. Mchango wa mwanafunzi umekuwa kwa miaka mingi shilingi 50,400 kwa mwaka. Kiasi kinachotozwa sasa kiulizwe kwa mhasibu. Usiuone kuwa fedha ya kuokoa. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mwananyamala ndiyo iliyo karibu nasi zaidi kati ya hospitali kubwa za umma. Kwa dharura ya polisi piga 112, na kwa moto piga 114. Cheti cha daktari kiletwe kwa Msajili ndani ya wiki ya kurudi kwako ili kazi zilizokupita zipangiwe tarehe mpya.

Jopo lilinikosoa vikali mbele ya wenzangu, na tangu hapo sina hamu ya kurudi studio. Je, hili ni jambo la kuleta ofisini?

Ni jambo la kuleta. Kuwasilisha kazi mbele ya jopo ni sehemu ya fani hii na hatutakuahidi kwamba itakuwa tamu, lakini zipo kanuni: kinachokosolewa ni kazi, si mtu, si lafudhi yake, si mavazi yake wala shule aliyotoka. Mjumbe wa jopo akivuka mpaka huo, mkuu wa idara huzungumza naye. Una haki ya kumwomba mwenzako akuandikie yanayosemwa, kwa sababu aliyesimama mbele huwa hasikii zaidi ya neno la kwanza baya, na una haki ya kukutana na mwalimu wako faraghani siku zinazofuata ili mpitie maandishi hayo pamoja. Mara nyingi hubainika kwamba jopo lilisifu mambo mawili matatu ambayo mwanafunzi hakuyasikia kabisa.

Ikiwa hali imezidi hapo, umekosa usingizi kwa muda, huli, unajitenga, au kila kitu kinaonekana hakina maana, huenda ni sonona, nayo hutibika. Mshauri nasaha huja chuoni kila wiki na miadi yake haipiti kwa mwalimu yeyote. Kwa matibabu zaidi tunaandika barua ya rufaa. Hospitali ya Taifa Muhimbili ina huduma za afya ya akili. Mwenzako akisema anataka kujidhuru, usimwache peke yake na usimwahidi kuficha: mpeleke hospitali, hata kama ni usiku wa manane, na utupigie simu ukiwa njiani.

Kuhusu kukesha, tuna msimamo ambao baadhi ya walimu wetu hawaupendi. Studio hufungwa saa nne usiku. Kazi isiyomalizika bila kukesha siku tatu ilipangwa vibaya, na aliyeipanga vibaya huenda ni mwalimu.

Nimeombwa ngono ili nipewe alama, au nimefanyiwa ukatili. Nani atanisaidia?

Kuomba au kulazimisha ngono kama sharti la kutoa alama, nafasi au huduma ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Unaweza kuripoti moja kwa moja TAKUKURU kwa simu ya bure 113 bila kupitia chuoni, na hakuna atakayekulaumu kwa kufanya hivyo. Ukipitia kwetu, mtuhumiwa huondolewa mara moja katika usahihishaji wa kazi zako wakati jambo linachunguzwa. Tunza ujumbe wa simu. Usiufute kwa hasira.

Kwa aliyebakwa, cha kwanza ni hospitali. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo zinavyofaa zaidi. Jitahidi usioge na usifue nguo ulizovaa. Fomu ya PF3, ya polisi ya kumpeleka aliyedhuriwa kwa daktari, hutolewa polisi, ambako Dawati la Jinsia na Watoto lina askari waliofunzwa kwa mashauri haya, lakini usicheleweshe kwenda hospitali kwa sababu hujaipata. Baadhi ya hospitali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono kinachokutanisha daktari, polisi na ustawi wa jamii mahali pamoja. Mshauri atafuatana nawe kila hatua ukitaka, na atakaa pembeni usipotaka. Kwa msaada wa kisheria tunafanya kazi na mashirika yanayoutoa bila malipo chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Chuo kinamsaidiaje mwanafunzi mwenye ulemavu?

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatutaka kuondoa vikwazo, na tunakiri kwamba jengo letu la ghorofa moja halina lifti. Darasa lenye mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu hupangiwa vyumba vya chini kwa muhula wote, bila yeye kuomba kila wiki. Kwa kiziwi, tunatafuta mkalimani wa Lugha ya Alama ya Tanzania kwa mihadhara na mawasilisho, mradi tujulishwe mapema. Muda wa ziada wa mtihani hutolewa kwa cheti cha daktari.

Swali la karibu na hili huulizwa kwa sauti ya chini: je, asiyeweza kutofautisha nyekundu na kijani anaweza kusomea ubunifu? Anaweza. Hali hiyo hurithiwa na huwapata zaidi wanaume, na wengi huigundua hapa hapa, katika zoezi la kwanza la rangi, pale mwalimu anapouliza kwa nini nyanya imepakwa kahawia. Kwake, rangi hupimwa kwa tarakimu za mchanganyiko badala ya jicho peke yake, mirija ya rangi hubandikwa majina, na mwenzake mmoja hukagua kazi kabla ya kukusanywa. Mwalimu akijua, alama hazipungui.

Je, ratiba huzingatia ibada?

Ndiyo. Hakuna mtihani mchana wa Ijumaa wakati wa sala, na Msabato aliyepangiwa Jumamosi hupangiwa siku nyingine akitoa taarifa wiki mbili kabla. Katika Ramadhani studio za jioni humalizika mapema.

Nimepata ujauzito. Nitaondolewa chuoni?

Hapana. Unaweza kuendelea, au kuahirisha na kurudi ulipoishia.

Nimefeli somo. Nini kinafuata?

Kwa somo la nadharia kuna mtihani wa marudio kabla ya muhula mpya kuanza. Kazi ya studio hairudiwi kwa mtihani. Hurudiwa kwa kuifanya upya chini ya mwalimu mwingine. Ukiona mapema kwamba muhula umekushinda kwa ugonjwa, msiba au ukosefu wa fedha, omba kuahirisha masomo kwa barua. Kuahirisha huandikwa kuwa ni kuahirisha, ilhali kutoweka bila barua huandikwa kuwa ni kufeli masomo yote, na kurekebisha kumbukumbu hiyo baadaye ni kazi ngumu sana.

Maktaba ni ndogo. Nisome wapi?

Chukua barua ya utambulisho uende Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa mwaka 1967. Wanafunzi wa usanifu wa ndani na samani wasikae ndani na picha za majarida ya Ulaya wakati Kijiji cha Makumbusho, chenye nyumba za jadi za makabila mbalimbali, ni mwendo wa miguu kutoka hapa; pimeni milango, chorani vifundo vya miti na makuti. Kwa samani nendeni pia Keko, mkamtazame fundi anavyounganisha mguu wa kiti, na kwa uchongaji nendeni Mwenge. Boma la Kale lililo karibu na bandari lina maonyesho kuhusu majengo ya jiji hili. Nafasi Art Space, Mikocheni, huwa na maonyesho na mazungumzo ya wasanii ambayo mwanafunzi wa fani yoyote atafaidika nayo.

Mtu akiiba muundo wangu nitalindwaje? Na je, ninaruhusiwa kufanya kazi za wateja?

Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi yako inalindwa tangu inapowekwa katika umbo linaloonekana. Wazo lililobaki kichwani halilindwi. Kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakupa ushahidi utakaokufaa mkigombana. Nembo ya biashara husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, na hilo kwa kawaida ni jukumu la mteja. Chuo kinaweza kuonyesha kazi zako katika maonyesho yake kwa kutaja jina lako, ila hakiwezi kuziuza.

Kazi za wateja zinaruhusiwa. Mpe mteja makubaliano ya maandishi hata kama ni shemeji yako, taja idadi ya marekebisho, pokea nusu ya malipo kabla ya kuanza, na usikabidhi faili la asili kabla ya kulipwa lote. Ofisi ina mfano wa makubaliano hayo kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Kwa anayetaka kugeuza kazi hizo kuwa biashara, tunamwelekeza SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na TRA kwa namba ya mlipakodi.

Barua za mafunzo kwa vitendo hutolewa lini, na je, nikihitimu huduma zinakoma?

Barua za mafunzo kwa vitendo hutolewa katikati ya muhula wa pili. Usipeleke barua peke yake. Ambatisha potifolio ya kazi nane hadi kumi, zilizochaguliwa kwa kuzingatia kiwanda, duka au ofisi unayoiomba. Mahali pakikutumikisha kwa usafi na kuchemsha chai tu, tujulishe mapema tukuhamishe, kwani mwishoni mwa kipindi hatuna la kufanya.

Mhitimu anaendelea kutumia maktaba, kupata barua za utambulisho na kukaguliwa makubaliano ya kazi. Karakana huitumia Jumamosi kwa miadi, akija na nyenzo zake. Cheti hutolewa na Msajili baada ya mhasibu, maktaba na stoo kusaini fomu ya kumaliza madai.